Msitu Unaolipwa kwa Kusimama

Ukibahatika kuingia nyumba ya kale ya mawe, iwe Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja, usikimbilie kutazama zidaka na milango ya nakshi. Kwanza pima chumba kwa hatua zako. Anzia ukuta wa huku uende hadi ukuta wa kule, kwa upana, si kwa urefu. Utapata mita tatu kasoro. Ingia chumba cha ndani: mita tatu kasoro. Panda ghorofani, kisha nenda nyumba ya jirani: ni vilevile. Kwa urefu chumba kinaweza kukutosha kukimbia, lakini upana hauongezeki hata kwa tajiri.

Je, waashi wa zamani walikosa mawe? Hawakukosa. Wenye nyumba walikosa fedha? Wapo waliokuwa na majahazi baharini. Inua macho utazame dari, jibu liko huko. Mawe na chokaa yote ya juu yamebebwa na vigogo vilivyolazwa sambamba, kimoja baada ya kingine. Hizo ndizo boriti, na zinatoka kwenye mikoko, ile miti inayoota topeni mahali ambapo bahari huingia na kutoka. Boriti iliyonyooka vizuri, ngumu ya kubeba dari nzito, haizidi sana mita tatu. Kwa hiyo upana wa sebule ya tajiri wa Lamu haukuamuliwa na tajiri wala na fundi wake. Uliamuliwa na mti.

Na si Lamu tu. Vuka bahari ufike Muscat, Sur au Kuwait, uingie nyumba zilizojengwa kabla ya enzi ya saruji, utakuta vyumba vyembamba vya kipimo hichohicho. Huko jangwani hakuna miti ya kujengea. Majahazi yao yalikuja na upepo wa kaskazi, yakileta tende, chumvi na mazulia, yakasubiri upepo ugeuke kuwa kusi, yakarudi kwao yamesheheni boriti. Zilihesabiwa kwa korja, yaani miti ishirini ishirini, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mwaka 1939 baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na jahazi la Wakuwait hadi delta ya Rufiji, Tanzania ya leo, kupakia miti hiyo, na katika kitabu chake Rufiji haikupewa sifa nzuri: mbu, tope, joto na kazi ya punda. Mimi humwelewa. Anayedhani kukata mkoko ni kazi nyepesi hajawahi kuzama topeni hadi magotini akiwa na shoka mkononi, huku saa ya maji kujaa inakaribia.

Nimeanza na nyumba kwa makusudi, wanangu. Mara nyingi mkiambiwa habari za kutunza mazingira, hadithi huanza na watu wabaya wenye mapanga. Pwani yetu haikuwa hivyo. Waliokata walikuwa mababu zetu, na walikuwa na haki ya kujenga. Tatizo lilikuja pale idadi ya wanaohitaji mti mmoja ilipozidi kasi ya mti huo kukua. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982. Hata hivyo marufuku hayapandi miti. Na kwenye ghuba moja kusini mwa Mombasa, msitu ulikuwa umekwishaliwa na kitu kingine kabisa, tanuri la kiwanda.

Ghuba hiyo ni Gazi, katika Kaunti ya Kwale, kilomita hamsini hivi kutoka Mombasa ukishavuka feri ya Likoni na kushika barabara ya kwenda Lungalunga. Wapenda historia wataikumbuka kwa sababu ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyewasumbua Masultani wa Zanzibar na kisha Waingereza katika karne ya 19. Lakini leo shujaa wetu si Mbaruk. Tunakwenda topeni.

Kabla hatujaingia, vueni viatu, na mnielewe ni mti wa aina gani tunaouzungumzia, maana mkoko ni kiumbe cha ajabu. Kwanza, si mti mmoja. Kenya ina aina tisa. Mbele kabisa, ukitazamana na mawimbi, upo mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayotoka juu ya shina na kushuka chini kwa kujipinda, kiasi kwamba mti unaonekana unataka kuondoka. Halafu muia, mkandaa, na mchu, ambao huota karibu na bahari na pia huko nyuma karibu na nchi kavu, popote panapoupendeza. Wavuvi na wakata miti hawachanganyi majina haya. Mlilana walitengenezea mataruma ya vyombo, magome ya mkandaa yalitoa rangi nyekundu ya kutia ngozi na nyavu.

Sasa jiulize: mti wa kawaida ukiumwagia maji ya bahari kila siku, unafanyaje? Unakauka. Mikoko humwagiwa maji hayo mara mbili kwa siku na haijali. Mkoko huchuja chumvi palepale kwenye mizizi, maji yanaingia, chumvi nyingi inabaki nje. Mchu una njia yake: huipokea chumvi, kisha huitoa kupitia majani. Siku ukipita karibu na mchu wakati wa jua kali, chuma jani, ulitazame upande wa chini, kisha ulirambe. Utajua ninachosema.

Tatizo la pili ni pumzi. Tope la pwani halina hewa ndani yake, ndiyo maana ukilichimbua linanuka mayai viza. Mizizi ikikosa hewa hufa. Kwa hiyo mchu hutoa vijizizi vingi vinavyochomoza juu ya tope vikielekea mbinguni, maelfu kuzunguka mti mmoja, vipate kuvuta hewa wakati maji yamekupwa. Mkoko nao hupumulia kwenye ile mizizi yake iliyo juu, ambayo ina vitundu vidogo vidogo.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Mbegu ya mahindi hungoja udongo ndipo ichipue. Mkoko haungoji. Mbegu yake huota ikiwa bado imening'inia kwa mama, ikarefuka na kuwa kijiti cha kijani chenye ncha, wakati mwingine hata nusu mita. Kikikomaa huachia. Kikiangukia tope wakati maji yametoka, huenda kikajichoma hapohapo na kuanza maisha. Kikiangukia maji yaliyojaa, huelea, na kinaweza kuelea kwa wiki nyingi kikitafuta ufuo. Ndiyo sababu mwambao wote, kutoka Somalia hadi Msumbiji, una mikoko ya ukoo mmoja. Hakuna aliyebeba mbegu, bahari ilibeba yenyewe.

Katikati ya mizizi hiyo kuna mji mzima. Chaza hujibandika kwenye mizizi. Kamba na vifaranga vya samaki hujificha humo, kwa kuwa papa na kolekole hawawezi kupenya. Tondo hutambaa juu ya tope na kula majani. Na kaa, wale wadogo wenye rangi, hufanya kazi ambayo wengi hawaioni: hunyakua jani lililoanguka na kulivuta ndani ya shimo lao kabla maji hayajalichukua. Mkumbukeni kaa huyu, tutarudi kwake tukifika kwenye fedha.

Katika miaka ya 1970 msitu wa Gazi ulikatwa kwa wingi kulisha matanuri ya viwanda vya chokaa na matofali. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Kuni za mikoko huwaka kwa joto kali na polepole. Lakini boriti hukatwa kwa kuchagua: huu umenyooka, ule umepinda, uache. Tanuri halichagui. Miti ikaondolewa kwa maeneo, na baadhi ya maeneo hayo yakabaki matupu. Mizizi ilipotoweka, mchanga ukaanza kuhama, na vile vijiti vya kijani vilivyoelea hadi hapo vikakosa pa kushika. Miaka ikapita bila msitu kurudi wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti kijana wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, James Kairo, alianza kupanda mikoko Gazi pamoja na wanakijiji. Leo yeye ni miongoni mwa wanasayansi wanaojulikana zaidi duniani katika fani hiyo, lakini wakati ule mtu aliyechomeka vijiti topeni alichekwa. Kupanda mti ndani ya bahari! Na si kila kijiti kilichochomekwa kilipona. Kupanda mikoko kunataka kujua nani hukaa wapi. Ukiuweka mkoko mahali pa mlilana, mawimbi yanaung'oa. Ukiweka mche mahali ambapo maji hayafiki vya kutosha, unaungua kwa chumvi. Kote duniani fedha nyingi zimetupwa topeni na watu waliopanda maelfu ya miche siku moja, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi sina subira na sherehe za namna hiyo. Kupanda huchukua asubuhi moja, kutunza huchukua miaka, na miche iliyokufa haiitiwi waandishi wa habari.

Gazi walibaki. Miche iliyopandwa katikati ya miaka ya 1990 leo ni msitu wenye kivuli, na ndani yake miche mingine imejiotea bila kupandwa na mtu. Hiyo ndiyo ishara njema kuliko zote. Wanawake wa Gazi nao walijenga njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, mgeni akalipa kiingilio, akatembea bila kuchafua miguu, akapikiwa wali wa nazi na samaki. Fedha haikuwa nyingi, lakini kwa mara ya kwanza mtu alilipia mkoko ambao haujakatwa.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali kubwa zaidi: je, msitu mzima unaweza kulipwa kwa kusimama tu?

Turudi kwa kaa wetu. Mnajua kwamba kila mti huvuta hewa ukaa. Ndiyo hewa tunayoitoa puani, ndiyo inayotoka kwenye bomba la gari na kwenye jiko la kuni, na ikizidi angani hulifunika joto lisitoke, dunia ikazidi kupata moto. Mti huivuta, ukaitumia kujenga shina, matawi na majani. Katika msitu wa nchi kavu, jani likianguka huoza, na sehemu kubwa ya ile hewa hurudi angani. Katika mikoko, jani huvutwa na kaa chini ya tope, au hufunikwa na matope yanayoletwa na maji, na humo chini hakuna hewa. Pasipo hewa kuoza huenda polepole mno. Jani la leo hulala juu ya jani la jana, na la jana juu ya la miaka mia iliyopita. Tope la mikoko ni kibubu: kila siku huingia kidogo, na hakitoi kitu mpaka kivunjwe. Hekta moja ya mikoko, ukihesabu na tope lake, hushika kaboni mara kadhaa kuliko hekta ya msitu wa kawaida wa ukanda wa joto. Kata miti, tope likapigwa na jua na hewa, na kibubu kimevunjika.

Duniani kuna watu na kampuni wanaotaka kulipa ili hewa ukaa fulani ibaki mahali pake, kufidia ile wanayoitoa wao. Wazo la Gazi lilikuwa kuwauzia watu hao huduma ya msitu. Kairo na wenzake walishirikiana na Mark Huxham wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier huko Uskochi, na wanakijiji wa Gazi na wa kijiji jirani cha Makongeni wakaupa mradi jina linalojieleza: Mikoko Pamoja.

Usidhani ilikuwa rahisi. Kikwazo cha kwanza kilikuwa sheria. Msitu wa mikoko wa Kenya si mali ya kijiji. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa msitu wa serikali, na hali hiyo ikarithiwa. Huwezi kuuza huduma ya kitu ambacho si chako. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ndiyo iliyofungua mlango, kwa kuruhusu wananchi wanaoishi kando ya msitu waunde chama na kuingia mkataba na idara ya misitu ya kuutunza na kunufaika nao. Kikaundwa chama cha Gogoni na Gazi. Karatasi, mihuri, mikutano, saini. Najua sehemu hii inawachosha, lakini nawaambia kweli, misitu mingi zaidi imepotea kwa kukosa karatasi kuliko kwa kukosa miche.

Kikwazo cha pili kilikuwa kupima. Mnunuzi hanunui maneno. Ilibidi watu waingie topeni na futi kamba, wapime mti mmoja mmoja katika vipande vya mfano. Kwa kawaida mti hupimwa unene wake kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko unasumbua: mizizi yake hutoka juu kuliko hapo, hivyo hupimwa juu ya mzizi wa juu kabisa. Kisha hesabu hufanywa kupata uzito wa mti na kaboni iliyomo. Baada ya hapo mkaguzi wa nje hupitia kila kitu. Kwa Mikoko Pamoja ukaguzi huo hufuata mfumo uitwao Plan Vivo, uliowakubali mwaka 2013. Shirika dogo la hisani la Uskochi, ACES, ndilo linalotafuta wanunuzi na kutuma fedha.

Eneo lililoandikwa katika mkataba ni hekta 117, sehemu ndogo ya mikoko yote ya ghuba. Kila mwaka eneo hilo huhesabiwa kuwa limezuia au kuvuta kama tani 3,000 za hewa ukaa. Tufanye hesabu pamoja, chukua kalamu. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ukaa. Tani 3,000 ni kilo 3,000,000. Gawanya: unapata lita 1,300,000 na kidogo. Lori la mafuta lenye kubeba lita 35,000 ungelihitaji mara 37. Kwa hiyo kazi ya mwaka mzima ya msitu wa Gazi ni sawa na moshi wa malori 37 ya petroli. Kwa vijiji viwili vya wavuvi ni kazi kubwa. Kwa dunia inayochoma mafuta usiku na mchana, ni tone. Mtu asikudanganye kwamba mikoko peke yake itatuokoa.

Hapa najua mmoja wenu amekwisha kuinua mkono. Kwa hiyo mtu wa Ulaya anapanda ndege, anachafua hewa, analipa Gazi, basi amesafika? Swali hilo ni zuri, na watu wazima wanagombana juu yake hadi leo. Jibu langu ni hili: anayelipa huku akiendelea kuongeza moshi wake anajidanganya, na fedha yake haifuti kitu. Anayepunguza kwanza kile anachoweza, kisha akalipia kilichobaki, huyo ninaweza kukaa naye mezani. Ila muuzaji naye ana masharti. Lazima aoneshe kwamba bila fedha hizo msitu ungeendelea kukatwa, maana huwezi kuuza ulinzi wa kitu ambacho hakina hatari. Na lazima aoneshe kwamba wakataji hawakuhamia tu kwenye msitu wa pili. Ukifunga mlango wa Gazi, mama anayepika kwa kuni bado ana chungu kinachongoja, na kijana anayejenga bado anataka nguzo. Ukimkemea mkataji wa Gazi akakate ghuba ya jirani, hukufanya lolote isipokuwa kuhamisha shoka.

Kwa sababu hiyo Mikoko Pamoja walipanda pia miti isiyo mikoko, kwenye ardhi kavu ya kijijini. Walipanda mivinje, ambayo hukua upesi na kunyooka, ikatoa nguzo na kuni. Wengi husahau sehemu hii wakisimulia habari za Gazi, wakataja tani na dola tu. Mimi nadhani bila mvinje mradi ungekufa mapema. Hata hivyo wizi wa miti haukwisha. Wapo wanaoingia usiku, na kijiji hulazimika kuwa na walinzi wa kuzunguka msituni, ambao nao hulipwa kutoka fedha ileile.

Basi fedha. Mwanzoni matarajio yalikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka kuja kijijini. Si utajiri. Ungeigawa mkononi, kila mtu angepata ya sukari na majani ya chai, na kesho yake ingekuwa imesahaulika. Walichofanya ni kukaa baraza. Kamati iliyochaguliwa na vijiji huleta kiasi kilichopo, watu hupendekeza, hubishana, kisha huamua. Nimewahi kukaa kwenye mabaraza ya pwani, na ninaweza kuwahakikishia kwamba ubishi huo si mfupi: mzee mmoja anataka msikiti ukarabatiwe, vijana wanataka mpira na jezi, akina mama wanasema maji.

Maji yalishinda. Mradi uliwafikishia watu maji safi kwenye vituo vya vijiji, wakanufaika watu zaidi ya 3,000. Kama hujawahi kubeba ndoo kichwani kabla ya kwenda shule, huenda usione ukubwa wa jambo hili. Msichana aliyebeba anauona. Fedha nyingine zilinunua vitabu vya shule na kukarabati majengo ya madarasa, na jezi nazo zikapatikana. Bado kuna jambo la akili katika kuchagua maji: kila mtu huchota. Mwenye mashua na asiye na mashua, anayeupenda mradi na anayeunung'unikia, wote husimama mbele ya bomba lileule. Hata mkata miti wa usiku, mkewe anachota hapo.

Mwaka 2017 Mikoko Pamoja walipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wageni wakaongezeka, kutoka nchi ambazo wazee wa Gazi hawakuwahi kuzisikia, wote wakitaka kujua siri. Hakuna siri. Kusini zaidi, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu walikwenda kuuliza, wakarudi kwao wakaanzisha mradi wao mwaka 2019 wenye hekta 460, karibu mara nne ya ule wa Gazi. Hata huo ni mdogo ukifikiria kwamba zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na kwamba delta ya Rufiji pekee ina hekta zaidi ya 50,000.

Lakini kuwa na eneo kubwa kuna taabu zake. Gazi ni vijiji viwili vinavyofahamiana, ukikata mti jioni, asubuhi jina lako linatajwa dukani. Rufiji ni mito, visiwa, wakulima wa mpunga, wavuvi na wakata boriti waliotawanyika mbalimbali, na wengi wao hawajawahi kukaa baraza moja. Wakati huohuo wafanyabiashara wa hewa ukaa sasa wanazunguka Afrika Mashariki wakiwa na mikataba minene ya kurasa nyingi, na baadhi yao hawana haraka ya kueleza fungu la kijiji ni lipi. Kijiji kinachotia saini kabla hakijasomewa mkataba kwa lugha yake kinaweza kujikuta kimefungiwa msitu wake kwa miaka mingi, maji ya bomba yasifike. Ukisikia mgeni amekuja kwenu na habari hizo, muulizeni mambo matatu kabla ya kumkaribisha chai ya pili: nani anashika fedha, nani anapima miti, na tukikataa mwakani itakuwaje. Gazi wana majibu ya maswali hayo, yameandikwa, na mtu yeyote wa kijiji anaweza kuyadai.

Hesabu za Mikoko Pamoja zilipangwa kwa miaka 20, kuanzia 2013. Kwa hiyo mwaka 2033 kipindi hicho kinakwisha. Mtoto aliyezaliwa Gazi mwaka mradi ulipoanza, ambaye amekua akinywa maji ya bomba la mikoko na kusoma vitabu vilivyolipiwa na tope, atakuwa na umri wa miaka 20. Atakuwa na kura barazani. Atakuta bei ya hewa ukaa imepanda au imeshuka, atakuta kaka yake anataka kujenga na nguzo ni ghali, atakuta wanunuzi wapya wenye ahadi nzuri kuliko za zamani. Waliomtangulia watakuwa wamechoka kubishana, wamkabidhi daftari la hesabu, futi kamba ya kupimia, na zamu ya ulinzi ya Jumamosi usiku.